Kisanamu cha Sam Wilson: uso mzuri, mabawa yaliyouzwa vipande vipande

Filme ya mfululizo The Falcon and the Winter Soldier ilionyeshwa kwenye Disney+ kati ya mwezi wa tatu na wa nne mwaka 2021. Ilikuwa na sehemu sita tu. Lakini ilipomalizika, ilikuwa imeacha nyuma yake bidhaa nyingi, na kati ya hizo kuna kisanamu cha Sam Wilson, mtu mweusi aliyeshika ngao ya Captain America. Ni kitu cha plastiki chenye urefu wa karibu sentimita 15, kilichotolewa na kampuni ya Marekani Hasbro katika mfululizo wake unaoitwa Marvel Legends. Bei yake butikini ilikuwa zaidi ya dola 20.

Dola 20 si kitu kidogo. Jamaa nyingi za Goma, Bukavu ao Uvira zingeweza kuzila siku kadhaa. Na bado kisanamu hiki hakiko mbali na watu wa hapa kama inavyodhaniwa. Congo ni moja kati ya nchi ambazo wakimbizi wake wengi walipokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi kati yao wametoka upande wa mashariki. Watoto wao wanakua mbele ya televisheni ya kule. Noeli ao siku ya kuzaliwa ikifika, mzazi anajikuta mbele ya rafu ndefu ya butiki, mtoto akimwonyesha kidole shujaa mweusi mwenye ngao. Mzazi huyo anapaswa kujua anachonunua.

Shida ni kwamba kipimo kinachotumiwa zaidi sokoni hakimsaidii. Kwa wachuuzi wa visanamu, thamani ni kartoni ambayo haijafunguliwa. Huko Marekani kuna hata shirika, Action Figure Authority, ambalo kazi yake ni kuvipima visanamu, kuvipa alama mpaka 100, kiisha kuvifunga ndani ya sanduku gumu la plastiki inayoangaza. Kona ya kartoni ikikunjika kidogo, alama zinashuka. Kisanamu chenyewe kinaweza kuwa na macho yaliyopakwa rangi vibaya, lakini kartoni ikiwa safi bei inabaki juu. Hiyo ni kupima nguo na kumwacha mtu aliyeivaa.

Kipimo cha haki kinaanza kwa kujua shujaa mwenyewe ni nani. Sam Wilson hakuzaliwa kwenye televisheni. Stan Lee na Gene Colan walimtoa katika gazeti la picha la Captain America mwaka 1969, kwa jina la Falcon, na anahesabiwa kuwa shujaa wa kwanza mwenye asili ya Waafrika wa Marekani katika magazeti makubwa ya aina hiyo. Miaka mingi alikuwa msaidizi. Mwaka 2014 ndipo magazeti hayo yalimpa ngao. Filme ya 2021 ilichukua habari hiyo na kuifanya kuwa swali gumu: mtu mweusi anaweza kubeba alama ya nchi iliyowatesa watu wake? Ndani yake kuna mzee Isaiah Bradley, askari mweusi ambaye serikali ilimfunga na kumfanyia majaribio mwilini kwa miaka 30, kiisha ikafuta jina lake. Sam anamsikiliza mzee huyo, anasita, na mwishowe anavaa nguo mpya nyeupe, nyekundu na buluu yenye mabawa, iliyotengenezwa Wakanda, ile nchi ya Afrika iliyobuniwa na Marvel.

Kwa hiyo kisanamu hiki kina mzigo ambao visanamu vingine havina. Kinapaswa kuonyesha mtu fulani, katika saa fulani, akiwa amekubali jambo zito. Kama hakionyeshi hilo, ni plastiki tu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni uso. Hapo historia haikuwa nzuri. Hasbro ilipotoa G.I. Joe mwaka 1964, kampuni ilikataa kukiita mwanasesere, kwa kuogopa kwamba wavulana hawatakitaka. Ndipo jina jipya likaanza kutumiwa kwa visanamu vya mashujaa. Mwaka uliofuata ilitoka G.I. Joe mweusi. Lakini uso wake ulikuwa uleule wa askari mzungu, uliotoka katika kalibu ileile, ukapakwa rangi ya kahawia. Hakuna aliyejisumbua kuchonga pua, midomo ao mashavu ya mtu mweusi. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Mego ilitoa Falcon mwenye urefu wa sentimita 20 na nguo za kitambaa. Ilikuwa hatua, lakini teknolojia ya wakati ule haikuruhusu mtu kutambulika kwa sura.

Leo mambo yamebadilika. Viwanda vinapima sura ya mchezaji wa filme kwa mashine, na macho na nyusi zinachapwa kwa matone madogo sana ya rangi, mahali ambapo zamani mkono wa mfanyakazi ulipaka haraka haraka. Katika kisanamu cha 2021, anayemfahamu Anthony Mackie, mwenye kucheza nafasi ya Sam, anaona kwamba kuna mtu aliyetazamwa kweli. Rangi ya ngozi ni ya mtu, si ya udongo uliopakwa. Kwa dola 20 na kidogo, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo mashine nayo inakosea: mara nyingine uchapaji unasogea milimita moja na jicho linatazama pembeni. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili anashika kartoni mbili ao tatu, anazipeleka kwenye mwanga, anaangalia macho yote mawili, kiisha anachagua. Hakuna aibu katika kuchagua. Sokoni hakuna anayenunua nyanya bila kuzigeuza.

Jambo la pili ni mwili. Visanamu vya Marvel Legends vinajulikana kwa viungo vingi, zaidi ya 20: shingo, mabega, viwiko, magoti, vifundo vya miguu. Kiungo kizuri kinageuka bila kulia na kinabaki pale kilipoachwa. Kiungo kibaya ama kinalegea hata mtu anaanguka kila saa, ama kinakaza hata kinaweza kukatika. Kiungo kilichokaza hakilazimishwi kwa nguvu. Kinawekwa kwanza katika maji ya moto kiasi ili plastiki ilainike. Mzazi akijua hilo ataepusha kilio cha siku ya kwanza.

Kuna pia rangi nyeupe. Nguo mpya ya Sam ina nyeupe nyingi, na nyeupe ndiyo rangi inayosumbua zaidi katika kazi hii. Ikipakwa juu ya plastiki ya rangi nyingine inaacha rangi ya chini kuonekana, na plastiki nyeupe ikikaa kwenye jua inageuka manjano. Anayetaka kuitunza miaka mingi aiweke mbali na dirisha. Kwa jumla mwili wa kisanamu hiki unapita mtihani: kinasimama, kinapiga magoti, kinanyanyua ngao mbele ya kifua. Mtoto anaweza kukichezea.

Jambo la tatu ni ukamilifu, na hapa ndipo kampuni inastahili kulaumiwa. Sam Wilson ni mtu wa kuruka. Tangu 1969 jina lake ni la ndege. Katika sehemu ya mwisho ya filme, mabawa yaliyofunguka ndiyo picha ambayo watazamaji wote waliibeba. Lakini mabawa hayo makubwa hayakuja pamoja naye. Hasbro iliyagawa vipande vipande na kuvitia katika kartoni za visanamu vingine vya kundi lile, kama vile Wanda, Vision na Loki. Ili shujaa mmoja aweze kuruka, mnunuzi anapaswa kununua na wengine ambao pengine hana haja nao.

Kampuni ina sababu zake. Desturi hiyo ni ya zamani katika Marvel Legends: anayenunua kundi zima anapata zawadi ya kujenga kitu kikubwa ambacho kingekuwa na bei ya juu kama kingeuzwa peke yake. Kwa mkusanyaji mwenye kipato kizuri, mpango huo ni furaha. Na ni kweli kwamba kalibu ya mabawa makubwa ina gharama.

Sababu hizo zinaweza kukubaliwa kama kilichogawanywa ni jitu ao mnyama wa pembeni. Hazikubaliki kama kilichogawanywa ni mwili wa shujaa mwenyewe. Shujaa mweusi ambaye filme nzima inazungumzia kama anastahili kusimama mahali pale, sokoni anapewa ngao na kuambiwa kwamba mabawa yake yako katika kartoni za watu wengine. Hakuna mtu kiwandani aliyepanga kumdharau. Ilikuwa hesabu ya biashara tu. Lakini mtoto hajui hesabu ya biashara. Anajua kwamba kwenye televisheni mtu wake anaruka, na mkononi mwake haruki. Na mzazi anayefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama ao cha kupanga mizigo hatanunua kartoni sita ili kumaliza huzuni hiyo.

Baada ya mambo hayo matatu ndipo bei inaweza kuzungumzwa. Kwa bei ya butiki, kisanamu hiki kinafaa. Kwa bei ya mchuuzi wa intaneti, anayeomba mara mbili ao mara tatu kwa sababu kartoni imefungwa, hakifai. Wengi wanaofungia visanamu kabatini wanaamini kwamba wanaweka akiba. Wasome yaliyotokea kwa visanamu vya Star Wars vya mwaka 1999: vilitengenezwa kwa wingi, watu wakavinunua na kuvificha bila kufungua, na mpaka leo vingi kati ya hivyo havina bei. Vile vya mwishoni mwa miaka ya 1970 ndivyo vyenye bei, kwa sababu watoto walivifungua, wakavivunja, wakavipoteza mchangani, na vilivyobaki ni vichache. Kitu kinakuwa adimu kwa sababu kilitumiwa, si kwa sababu kila mtu alikificha. Tena, kila filme mpya ya Captain America, kama ile ya Februari 2025, inaleta visanamu vipya vya mtu yuleyule.

Kartoni yenyewe ina somo lake. Mwaka 2022 Hasbro ilitangaza kuondoa dirisha la plastiki kwenye kartoni zake ili kupunguza takataka. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mnunuzi hakuweza tena kuona uso, na wezi walitoa kisanamu na kuweka kingine cha bure ndani. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kurudisha dirisha. Hata wenye kuuza walikubali kwamba mnunuzi ana haki ya kumwona mtu mbele ya kumlipia.

Mashariki ya Congo ina ujuzi wake wa zamani wa kupima sanamu ndogo. Warega wa Shabunda, Mwenga na Pangi, katika chama chao cha Bwami, walikuwa na sanamu za mti na za pembe za tembo zenye kutosha mkononi. Hazikuwekwa ili kutazamwa tu. Zilitolewa wakati wa mafundisho, kila moja na methali yake, na aliyeishika alipaswa kujua inasema nini juu ya tabia ya mtu: mwenye kiburi, mwenye subira, mwenye kupenda magomvi. Utawala wa Wabelgiji ulikipiga Bwami marufuku katika miaka ya 1940, na sanamu nyingi ziko leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, nyuma ya kioo, na bei kubwa. Zina mwangaza mzuri juu yake, lakini hazifundishi tena mtu yeyote methali. Wazee walizipima kwa swali moja: sanamu hii inafundisha nini, na nani ataisikia?

Swali hilo linafaa pia kwa kitu cha plastiki kilichotoka kiwandani. Kisanamu cha Sam Wilson kikibaki ndani ya kartoni, hakisemi kitu. Kikiwa mkononi mwa mtoto, na mzazi akimweleza habari ya mzee Isaiah ambaye jina lake lilifutwa, na ya mtu aliyekubali kubeba ngao bila kusahau, kinasema mengi. Hapo dola 20 zimefanya kazi.

Hukumu basi ni hii. Uso ni mzuri na unastahili sifa, ukilinganishwa na ule wa 1965. Mwili ni imara. Ukamilifu haupo, na kosa ni la kampuni. Mzazi anayetaka kukinunua akinunue kwa bei ya butiki tu, achague macho yaliyonyooka, amfungulie mtoto kartoni siku ileile, na asikubali kufuata vipande vya mabawa kartoni kwa kartoni. Mabawa ya karatasi ngumu, yaliyokatwa kwa makasi na kubandikwa kwa gundi mezani pamoja na mtoto, yatamrusha Sam vizuri zaidi. Na Hasbro, kama inataka pesa ya jamaa hizi, imtoe shujaa mzima katika kartoni moja, hata kama bei itapanda dola chache. Mtu wa kuruka asiuzwe bila mabawa yake.