Mazungumzo ya Nyumbani: Siku ya Mwisho ya Kuvua

Tuliahidi kuwapasha habari za mwisho wa msimu wetu wa kuvua samoni katika maji ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Leo twatimiza ahadi, ingawa habari yenyewe si ya kujisifu.

Chombo chetu ni kayaki, kama mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, uendeshwao kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Wainuiti wa nchi za barafu waliziunda tangu zamani kwa miti au mifupa iliyofunikwa ngozi za sili. Nyingi za siku hizi ni za plastiki. Maji ya huko ni baridi mno, hata aangukaye huweza kuishiwa nguvu upesi. Kwa hiyo hatutoki pasipo jaketi la kujiokolea.

Siku ile tulitoka alfajiri. Nyumbani hapakuwa na samaki, na watoto tulikuwa tumewaahidi. Yapata saa tatu mshipi ukavutwa kwa nguvu. Tukashindana naye kitambo, tukamleta ubavuni mwa chombo: samoni wa aina ya coho, mnene, ang'aaye kama fedha. Tukamtazama mgongoni karibu na mkia, tukaona pezi dogo lingalipo.

Pezi hilo lina maana gani? Vifaranga wengi walelewao na watu katika vidimbwi hukatwa pezi hilo kabla ya kufunguliwa. Aliye nalo yaelekea amezaliwa mtoni, na sheria ya sehemu ile yaamuru aachwe, wala asipandishwe chomboni. Coho hukaa mtoni mwaka na zaidi, huenda baharini akakua, kisha huurudia mto ule ule alikozaliwa, akataga mara moja tu, akafa. Amwuaye kabla hajafika ameua na uzao wake.

Hapakuwa na mtu wa kutuona. Twakiri kwamba mkono ulisita. Tukawakumbuka watoto wanaongoja. Tukakumbuka pia kwamba ni hao hao watakaotuuliza siku moja samaki walikwenda wapi. Tukaitoa ndoana, naye akapiga mkia, akazama.

Tulirudi mikono mitupu, na mdogo akalia. Jioni tukaiosha kayaki kwa maji yasiyo na chumvi, tukaianika mishipi, tukaitoa kadi ya serikali ambayo mvuvi huandika humo kila samoni amchukuaye. Mstari wa siku ile tukauacha mtupu. Mkubwa akauliza, "Baba, mbona yule hakuandikwa?" Tukamjibu, "Kwa kuwa hakuwa wetu, mwanangu."

Akanyamaza kidogo, kisha akamweleza mdogo wake habari ile kwa maneno yake mwenyewe, vizuri kuliko sisi.

Nanyi walimu, waulizeni watoto darasani: sheria yamfaa nini mtu aliye peke yake majini? Majibu yao tutafurahi kuyasoma.