Kalamu inakwama kwa sababu tunaogopa karatasi

Vijana wenzangu, kila tukikutana kwenye kikundi nasikia maneno yale yale: "Hadithi ninayo kichwani, lakini nikishika kalamu inagoma." Wengine wanasema ni njaa. Wengine wanasema ni kelele za majirani, au giza, maana sola imeisha chaji mapema. Yote hayo ni kweli, sibishi. Lakini mbona huyo huyo aliyekwama kwenye daftari, ukimkuta jioni jikoni anaota moto, anapiga stori mpaka watu wanashika mbavu? Mdomo wake uko sawa kabisa. Kinachokwama ni mkono.

Mimi naona sababu ni hii: kwetu wakimbizi, karatasi ni kitu cha ofisi.

Angalia tulivyokua. Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na wengi wetu tumezaliwa humu humu. Karatasi ya kwanza tuliyoijua ni ile yenye majina ya familia, ambayo mama aliifunga kwenye plastiki isilowe. Halafu zikaja za mahojiano. Unaulizwa kijiji, mto, tarehe, nani alikufa, nani alibaki. Miaka ikipita unaulizwa tena, na majibu yanatakiwa yafanane. Sisemi kuuliza ni kosa, kazi ile inahitaji ukweli. Nasema tu kwamba tumejifunza jambo moja tangu utoto: ukiandika kitu, kitasomwa, kitalinganishwa, na kinaweza kukufungia mlango.

Sasa mtu kama huyo mwambie abuni hadithi. Anaandika, "Mama yake Asha alivuka ziwa usiku," halafu anasimama. Anawaza: lakini mama yangu alivuka mchana. Je, wakiona? Anafuta. Anaanza upya. Anafuta tena. Mwisho anafunga daftari anasema hana kipaji. Kipaji anacho, ila ndani ya kichwa chake kuna mtu amekaa nyuma ya meza, anamhoji.

Jikoni huyo mtu hayupo. Ukianza kusimulia ya Sungura na Fisi, hakuna anayeuliza Sungura alivuka mto tarehe ngapi na ana shahidi gani.

Kuna na wenzetu waliozaliwa hapa ambao wanasema, "Mimi sikuona vita, sina cha kuandika." Nao wamekwama kwa sababu inayofanana na hiyo. Wameaminishwa kwamba mkimbizi ana hadithi moja tu, ile ya kukimbia.

Mfikirieni Abdulrazak Gurnah. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana, baada ya mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza. Alianza kuandika huko ugenini, lakini riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Ile inayoitwa Paradise, ya 1994, inamhusu mvulana Yusuf ambaye anatolewa na wazazi kwa sababu ya deni la baba yake, zamani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Gurnah mwenyewe alikuwa hajazaliwa wakati huo. Alibuni. Na mwaka 2021 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, waliompa walitaja hasa alivyoandika juu ya maisha ya mkimbizi. Yaani kubuni hakukumzuia kusema kweli.

Najua kuna watakaosema: "Wewe unawafundisha vijana kudanganya, kesho watu waseme wakimbizi wote ni waongo." Hapana. Mwongo anaficha kwamba anadanganya. Mwandishi anakwambia tangu mwanzo. Juu ya ukurasa andika "hadithi ya kubuni", na usitumie jina la mtu wa kweli. Hapo hujamdanganya mtu, na jirani yako umemlinda pia.

Sasa tufanyeje? Mimi nashauri haya.

Badilisha kitu kimoja kwa makusudi. Kaka awe dada, ziwa liwe mlima. Ukishabadilisha kimoja, yule mwenye meza anakosa swali la kuuliza.

Simulia kwanza kwa mdomo. Mwambie rafiki, au jirekodi kwenye simu, halafu andika vile vile ulivyosema. Usihangaike na Kiswahili sanifu siku ya kwanza. Wengine tunakwama kwa sababu tunatafuta neno la shuleni wakati la nyumbani lipo. Kusahihisha kutakuja baadaye.

Anza na kitu kidogo. Dumu limebadilishwa bombani, nani kalichukua? Hapo kuna hasira, kuna mashaka, kuna majirani wawili hawasalimiani. Hiyo tayari ni hadithi, na haihitaji bunduki hata moja.

Ila kama kuna ukurasa ambao ukiuandika hulali usiku, uache. Huo siyo uvivu na siyo kukosa kipaji. Kaongee na mshauri au mtu unayemwamini. Hadithi itasubiri.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa daftari na mashindano. Lakini naomba kitu. Kila shindano linatuambia tuandike "safari yangu ya ukimbizi". Tupeni siku moja mada ya mapenzi, ya mwizi wa kuku, ya mechi ya mpira, ya watu watakaoishi miaka 100 ijayo. Na kabla hatujaanza, tuambieni wazi kwamba hadithi hizi haziendi kwenye faili la mtu yeyote, halafu mhakikishe kweli haziendi. Mtashangaa kalamu zitakavyokimbia.

Jumamosi tunakutana kama kawaida. Njoo na ukurasa mmoja wenye kitu ambacho hakijawahi kutokea. Hatutakuuliza tarehe.