Theluji Iliyokanwa London

Wiki hii anga ya Kitui imetakata, na alfajiri ncha nyeupe za Mlima Kenya zimeonekana kutoka vilimani, kama watu wa Makueni wanavyouona Kilimanjaro wakiwa Chyulu. Ajabu ni kwamba kuna wakati wasomi waliikana theluji hii. Mmisionari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, mgeni wa Kivoi, tajiri wa misafara ya Wakamba, ambaye alikuwa amekwisha kumsimulia weupe wake. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London asiyewahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizipinga habari za theluji za wamisionari katika kitabu chake cha 1852. Wapo watakaomtetea: Krapf aliuona kwa muda mfupi, mawingu yakaufunika, na kushuku ni haki ya msomi. Naam, lakini mwenye shaka hutafuta shahidi, na wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakifika hadi nchi zinazouzunguka mlima huo. Asiyefika hamsahihishi aliyefika. Kosa la Cooley lilikuwa dharau kwa mashahidi, na dharau hiyohiyo imo katika kila kitabu cha shule kinachosema Krapf “aliugundua” mlima ambao Kivoi alikuwa amemweleza.