Mbwa na Paka: Yupi Mwenye Akili Zaidi?

Mkitaka kuwatia watu katika mabishano ya jioni nzima, hamna haja ya kuwatajia mambo ya serikali. Ulizeni tu: kati ya mbwa na paka, yupi mwenye akili? Mara baraza litagawanyika. Mwindaji atasimulia jinsi mbwa wake alivyomwongoza njia usiku msituni. Mama mwenye nyumba atamsifu paka wake ajuaye saa ya kupika samaki. Mwishowe kila mtu atakwenda kulala na neno lile lile alilokuja nalo. Basi leo tulipime shauri hili kwa utulivu, kwa maana wako wataalamu walioacha ubishi wakawajaribu wanyama wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya neno akili. Hatusemi hapa akili ya mwanadamu, inayojua kuhesabu nyota na kutunga sheria. Twasema ule uwezo wa mnyama wa kutambua, kukumbuka, na kujitoa katika taabu. Tena watu wengi wasemapo kwamba mnyama ana akili, maana yao ni kwamba anatii. Mbwa akiitwa huja mbio, naye husifiwa. Paka akiitwa hutikisa sikio, kisha huendelea na usingizi wake, naye huitwa mjinga. Lakini asiyeitika si lazima awe hakusikia.

Jambo hilo limethibitishwa. Mwaka 2019, Bibi Atsuko Saito wa Chuo Kikuu cha Sophia, mjini Tokyo, pamoja na wenzake, walitangaza majaribio yao juu ya paka wa nyumbani. Walimsikilizisha paka maneno manne, moja baada ya jingine, yenye urefu sawa na jina lake. Paka aliyazoea, akaacha kuyajali. Ndipo jina lake mwenyewe likatajwa, na paka wengi wakageuza masikio au kichwa, hata sauti ilipokuwa ya mtu mgeni. Kumbe walilijua jina lao. Lakini walioinuka na kuja walikuwa wachache.

Upande wa mbwa nao una mashahidi wake. Katika Marekani, mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Bwana John Pilley, alimfundisha mbwa jike aliyeitwa Chaser, wa jamii ya mbwa wachungao kondoo. Kwa muda wa miaka 3 alimtajia majina ya vitu vya kuchezea, kimoja kimoja, kila siku. Mwaka 2011 yeye na mwenzake Alliston Reid walitoa habari kwamba Chaser amejua majina ya vitu 1,022. Akitajiwa jina, alikwenda penye rundo la vitu akakileta kile kilichotakiwa. Hatujapata kusikia paka aliyefanya kazi ya namna hiyo.

Je, shauri limekwisha? Bado. Mwaka 2005, Bwana Ádám Miklósi na wenzake wa Hungaria waliwaweka mbwa na paka katika jaribio moja. Chakula kilifichwa katika chombo kimoja kati ya viwili, na mtu akakionyesha kwa kidole. Wanyama wote wawili walifuata kidole, wala mbwa hakumshinda paka. Kisha wakawekewa chakula mahali wanapokiona, lakini kimefungwa hata hakitoki. Hapo ndipo tofauti ilipodhihirika. Mbwa alipokwama alimgeukia bwana wake, akamtazama usoni, kana kwamba anasema: nisaidie. Paka hakumtazama mtu ila kwa nadra. Aliendelea kuhangaika na chombo peke yake.

Twaona basi kwamba mmoja huuliza na mwingine hujaribu. Sababu yake ni ya zamani sana. Mbwa ni wa ukoo wa mbwa-mwitu, ambao huwinda kwa kundi, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Tena ameishi na watu muda mrefu: katika Ujerumani, mahali paitwapo Bonn-Oberkassel, palionekana mwaka 1914 kaburi la watu waliozikwa pamoja na mbwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Paka ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika na wa nchi za Mashariki ya Karibu, awindaye peke yake. Wataalamu huamini kwamba alijileta mwenyewe kwa wanadamu walipoanza kuweka akiba ya nafaka, kwa kuwa palipo na nafaka pana panya. Hakuletwa ili apokee amri. Alikuja kwa kazi yake, na watu wakaridhika naye.

Wako watakaosema: tuhesabu basi kilicho kichwani. Hesabu hiyo nayo imefanywa. Mwaka 2017, Bibi Suzana Herculano-Houzel, mzaliwa wa Brazil, na wenzake, walitangaza kwamba tabaka la juu la ubongo wa mbwa lina chembe za neva kama milioni 530, na la paka kama milioni 250. Wapenzi wa mbwa walifurahi sana. Lakini wanyama waliopimwa walikuwa wachache mno, na kuhesabu matofali si kujua nyumba inakaliwaje.

Sasa tusikie habari inayotugusa sisi wa Kongo. Wasomaji wengi wanawajua mbwa wetu wa msituni, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni wapate kujua walipo, nao huwafukuza wanyama mpaka wavuni. Katika Ulaya waliitwa Basenji, na mwaka 1937 walipoonyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, watu walisongamana kuwatazama. Mwaka 1994, mtaalamu wa Kanada, Bwana Stanley Coren, alitoa kitabu juu ya akili ya mbwa. Aliwauliza waamuzi wa mashindano ya utii wa Marekani na Kanada, akapanga jamii za mbwa kwa daraja 79. Basenji alipewa daraja la 78.

Je, mbwa wetu ni mpumbavu? Hasha! Bwana Coren mwenyewe alieleza kwamba daraja zile zinapima wepesi wa kushika amri, nao ni aina moja tu ya akili. Mbwa wa msituni hutangulia mbele, asipoonekana na bwana wake. Angengoja kuambiwa kila hatua, mwindaji angerudi nyumbani mikono mitupu. Anayempima kwa amri za uwanjani hapimi kazi aliyozoea.

Kwa hiyo tukiulizwa, twajibu hivi: katika kujifunza kwa mtu na kufanya kazi pamoja naye, mbwa amemshinda paka, wala hakuna haja ya kubisha. Katika kujitegemea, paka hana deni kwa mtu. Nyumbani yafaa kila mmoja atendewe kwa kadiri ya akili yake. Mbwa afundishwe kwa neno fupi, lile lile kila siku, na kipande cha chakula mara tu anapotii. Paka asipigwe kwa kutokuja alipoitwa, maana fimbo humfundisha kukimbia tu. Wala asinyimwe chakula kwa kusudi la kumfanya awinde. Paka aliyeshiba huwinda pia.

Sisi walimu, pamoja nanyi wazazi, tuna jambo la kuchukua hapa. Darasani yuko mtoto atazamaye uso wa mwalimu na kuuliza upesi, naye huonekana mwerevu. Yuko na mwingine, aliyekaa nyuma, ashindanaye na hesabu yake kimya, asimwite mtu. Huyo mara nyingi huitwa mzito kabla daftari lake halijafunguliwa. Tulifungue kwanza.

Nanyi wanafunzi, juma hili mjaribu wenyewe. Paka wa nyumbani akiwa amelala, mtajieni kwa sauti moja maneno manne, mkipumzika kidogo kati ya neno na neno, kisha jina lake. Msiitazame miguu yake, yaangalieni masikio.