Mtoto Anayesubiri Zamu Yake Chuoni

 Leo nawaomba tuyaweke kando mambo makubwa ya umma, tuingie katika chumba kidogo chenye jamvi moja, ubao mmoja na watoto 60, yaani chuoni kwa watoto wetu.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha chuoni nyakati za alasiri, watoto wakisharudi shule. Alikuwapo binti mmoja wa miaka kama tisa, mtulivu, asiyekosa siku hata moja, ambaye kila zamu yake ilipofika alinisomea Juzuu Amma bila kukwama. Nikamhesabu miongoni mwa wanafunzi wangu bora. Siku moja juzuu ilimponyoka. Alipoiokota akaishika juu chini, akaendelea kusoma kana kwamba hapakutokea jambo. Nikamfungulia ukurasa mwingine, nikamwonyesha neno moja la herufi tatu. Hakulijua. Nikamwonyesha herufi moja moja. Hakuzijua zaidi ya nne au tano. Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa akisikiliza masomo ya wenzake waliomtangulia kwenye zamu, akayahifadhi kwa sikio, nami nikadhani anasoma. Kuhifadhi ni neema, wala siidharau hata chembe; lakini mzazi wake alinikabidhi binti yake nimfundishe kusoma.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga siku ya kwanza. Watoto 60, saa mbili, ni dakika 120. Kwa desturi yetu ya mtoto mmoja mmoja kuja kuketi mbele ya maalim, kila mmoja ana dakika 2. Kwa siku tano za wiki ni dakika 10. Saa zilizobaki, ambazo ni karibu zote, ni za kusubiri. Na mtoto anayesubiri hana budi kufanya kitu: atasinzia, atamfinya jirani, atachorachora pambizo za juzuu, kisha tutamchapa kwa utundu tuliomtengenezea sisi wenyewe.

Tukilizungumza jambo hili misikitini, jibu huwa ni fedha. Tungoje mfadhili, tungoje jengo, tungoje madawati. Sikatai kwamba maalim wetu wengi hulipwa kidogo mno, na ni aibu kwetu sote kuwa fundi wa kupaka rangi ukuta wa msikiti hupata kwa siku moja zaidi ya anachopata maalim kwa wiki. Lakini madawati 60 mapya yasingemwondolea yule binti hata dakika moja ya kusubiri. Kilichomkosesha kusoma ni mpangilio wa chumba, na mpangilio hauuzwi dukani.

Basi nikawagawa watoto katika duara sita za watoto kumi kumi, si kwa umri wala kwa kimo, bali kwa kile ambacho kila mmoja alikijua. Huko kuwapima kulinichukua siku nne, nami sikusomesha kitu kingine siku hizo. Kila duara nikaipa msimamizi kutoka miongoni mwa wanafunzi waliotangulia. Maalim huketi na kila duara dakika 15, ambazo jumla yake ni dakika 90. Nusu saa inayobaki ni ya kufungua, kuwasikiliza wasimamizi na kufunga. Hapo mtoto aliyekuwa akipata dakika 2 kwa siku anapata 15, na muda mwingine ana kazi mkononi.

Wapo wazee walionilaumu kwamba naleta mambo mapya. Vyuo vya zamani vya mwambao wetu vilijua vizuri kumtumia mwanafunzi mkubwa amsikilize mdogo. Tuliokiacha ni sisi. Na katika vitabu vya sira imetajwa kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, baadhi ya mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kufundisha kila mmoja watoto kumi wa Madina. Watoto kumi, si sitini.

Hata Wazungu waliichukua njia hii kutoka Mashariki. Andrew Bell, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya mayatima huko Madras, India, mwishoni mwa karne ya 18, aliona watoto wa shule ya kienyeji wakijifunza herufi kwa kuandika mchangani, akaifanya iwe desturi ya shule yake, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Mwaka 1797 alichapisha kitabu London kuieleza. Joseph Lancaster naye, katika mtaa wa Southwark, aliendesha shule ya mamia ya watoto kwa njia iliyofanana nayo. Lakini tuisome habari hiyo hadi mwisho wake. Shule hizo ziligeuka kuwa kama mashine: wasimamizi walifundisha wasichokielewa, watoto wakakariri bila kufahamu, na Lancaster alikuwa na adhabu za kuwadhalilisha watoto mbele ya wenzao. Kwa hiyo msimamizi asipewe kufundisha somo jipya. Kazi yake ni kusikiliza lile ambalo maalim ameshalifundisha. Naye awe na haki yake: wangu walikuja dakika 20 kabla ya wenzao, wakasomeshwa kwanza, ili kusaidia kusiwe ndiko kunakowakosesha elimu yao.

La pili ni ubao wa kila mtoto. Ubao mmoja ukutani huandikwa na mtu mmoja huku 59 wakitazama. Tafuta mabaki ya plaiwudi kwa fundi seremala, vipande vya ukubwa wa daftari, uyapige msasa na kuyapaka rangi ya ubao. Kopo dogo hutosha vipande vingi. Wapo wanaopaka unga mweusi wa betri kuukuu. Tuliache hilo kabisa, kwani una sumu na watoto hutia vidole mdomoni. Rangi ikibaki, paka ukuta kwa chini, kwenye kimo cha mtoto aliyeketi. Kisha maalim aseme, "Andikeni jimu yenye kasra," wote waandike, wote wainue. Kwa mtazamo mmoja ameona majibu 60, na yule anayejificha nyuma ya sauti za wenzake amejulikana siku hiyo hiyo, si baada ya miaka mitatu.

La tatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Herufi za Kiarabu ni 28, lakini maumbo yake ni machache kuliko hayo. Nyingi hutenganishwa na nukta tu. Bee, tee na thee ni chombo kimoja. Jimu, hee na khee ni umbo moja. Nilikata maboksi ya dukani vipande vya ukubwa wa kiganja, nikachora umbo lisilo na nukta, na kila mtoto nikampa kunde chache. Kunde moja chini, ni bee. Mbili juu, ni tee. Tatu juu, ni thee. Mtoto huziweka kwa mkono wake mwenyewe, huziondoa, hucheka akikosea. Yule binti wa juzuu alizijua herufi zote kwa kunde, na hakuchapwa. Vizibo vya soda navyo hufaa kwa herufi moja moja, na kwa hesabu pia: vizibo kumi vikitobolewa na kutungwa uzi ni kumi moja, na mtoto wa darasa la kwanza akishika nyuzi tatu na vizibo vinne ameiona 34 kabla hajaiandika. Tahadhari moja: vitu hivi hukaa chini na hukanyagwa, kwa hiyo viandikwe herufi na silabi tu, isiandikwe aya wala jina la Mola.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kimasikini yasiyo na heshima. Mwaka 1986 ilianza Mombasa, kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, kazi ya kuanzisha shule za awali za madrasa, zilizounganisha mafunzo ya dini na ya shule, na baadaye ikaenea Zanzibar na Uganda. Vifaa vyake vingi vilitengenezwa kutokana na vitu vya nyumbani na vya mazingira, na watoto waliopitia huko waliingia darasa la kwanza wakiwa wamejiandaa. Na Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alichora umbo la mraba na mistari, mmoja ukitoka nje ya mraba, akawafahamisha masahaba kwa michoro hiyo habari ya mwanadamu, ajali yake iliyomzunguka na matumaini yake yanayoivuka. Somo zito kiasi hicho lilifundishwa kwa mistari michache.

Mengine ni madogo nami nayapitia haraka. Misumari ukutani kwa mifuko, ili chumba kipate nafasi. Viatu mlangoni kwa safu, kila duara safu yake, ili kuondoka kusichukue robo saa ya ugomvi. Juzuu zilizochanika zibandikwe kwa uji mzito wa unga wa ngano na karatasi ya kaki. Watoto hawafiki kwa wakati mmoja, maana wengine hutoka shule za mbali. Basi pawe na kazi ubaoni inayomngoja kila anayeingia, asikae bure hata wa kwanza. Na maalim akitaka kimya ainue mkono, wasimamizi wainue, na watoto wafuate. Siku tatu za mwanzo utadhani haifai. Siku ya nne inafaa.

Kuhusu bakora nitasema wazi, ingawa najua wapo watakaochukia. Anas (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni, na amesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la kuudhika. Bakora haina bei, lakini ndicho kifaa ghali kuliko vyote chuoni, kwa sababu humfundisha mtoto kuficha asichokijua. Yule binti alikuwa ameona wenzake wakichapwa kwa kukosea. Ndiyo maana alihifadhi.

Walimu wa shule za msingi wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba hali yao ni hiyo hiyo. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, madarasa ya chini yamefurika, na kile kiwango cha Tanzania cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, mahali pengi kimebaki kwenye karatasi. Duara, ubao wa mkononi na vizibo havijali kama chumba ni cha shule au cha chuo.

Na wazazi? Sitawaomba mchango leo. Nawaomba msimuulize mtoto amefika sura gani. Mwonyesheni neno moja katikati ya ukurasa asioujua, mmsikilize. Akishindwa, msimkaripie, wala msiende kumgombeza maalim mbele ya watoto. Nendeni mkamuulize anahitaji nini. Pengine atataka kijana wa kumsaidia kukata maboksi. Wenye maduka hutupa maboksi mengi. Mkasi uwe mkubwa, kwani ule mdogo wa karatasi huumiza kidole.