Tusiwaachie forodha peke yao historia yetu

Wanaopitisha mizigo Kigali wanaijua Masoro kwa kusubiri. Unafika bandari kavu alfajiri, wakala wako anasema karatasi moja bado, na saa nane mchana ungali kwenye kivuli cha lori. Majuzi nilikaa hivyo na mfanyabiashara wa Lubumbashi. Tulipomaliza kulalamika alifungua simu akanionyesha picha. "Huyu ni mtoto wa kwetu," alisema.

Ilikuwa kazi ya Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akaanza na katuni kabla ya kushika kamera. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006, alipiga picha za rangi za magofu ya mitambo ya shaba, kisha mbele yake akabandika wafanyakazi wa enzi ya Mbelgiji, weusi na weupe, waliotolewa kwenye picha za zamani. Wamesimama pale kama watu waliorudi kudai mishahara yao.

Kazi nyingine, ya mwaka 2013, inagusa jambo ambalo mtu wa soko atalielewa haraka. Katika mji ule, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, mfanyakazi alitakiwa kuleta inzi 50 ndipo apewe posho yake ya chakula. Inzi! Walihesabiwa kama sisi tunavyohesabu magunia. Baloji alipanga wadudu wa namna hiyo kando ya picha za mji zilizopigwa kutoka angani, zinazoonyesha ukanda mtupu uliotenga makazi ya wazungu na ya Waafrika.

Najua utaniuliza: mimi nauza mchele na vitenge, mambo ya wasanii yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu shaba ile ilikuwa biashara yetu kabla ya kuwa yao. Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa fedha. Msiri, aliyetawala Bunkeya, alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, kwa njia hiyo hiyo ya biashara. Hakuna aliyemdai hati ya uasilia wa bidhaa. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold, na mwaka 1906 ikaanzishwa kampuni ya Union Minière. Biashara ya kuvuka nchi ikageuzwa kazi ya kuchimba kwa amri ya mwingine.

Lakini linalonikosesha usingizi ni swali jingine. Baloji aliweza kufanya kazi yake kwa sababu kampuni ilitunza kumbukumbu. Iliwapiga picha watu wake, ikawaandika, ikawaweka kwenye makabati. Ilifanya hivyo kwa faida yake, na watu walioandikwa hawakuulizwa wangependa waonekane vipi. Msanii alilazimika kuwakata kutoka kwenye karatasi za bwana wao ili wapate kuonekana upya.

Je, sisi? Akija msanii wa mwaka 2100 kutaka kujua walioshikilia biashara ya Afrika Mashariki, atakuta nini? Atakuta kompyuta za forodha. Humo mna tani zetu, kodi zetu na faini zetu. Hamna mama aliyevuka Rubavu kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, bei aliyoikuta ng'ambo, wala jirani aliyemkopesha mtaji. Wala hamna huku kusubiri kwa Masoro.

Madaftari yetu ya madeni tunafungia maandazi. Picha zetu zinapotea simu ikiibwa. Mimi mwenyewe nilichoma leja za miaka sita nilipohama nyumba, nikajiona nimefanya usafi.

Naomba vyama vya ushirika vya mipakani, ambavyo tayari vina ofisi na katibu, vianze kupokea vitu hivi kwa wanachama: madaftari yaliyojaa, risiti, picha za sokoni, majina ya waliopo kwenye picha na mwaka. Mwenye deni la siri afute jina la mdaiwa kwanza, hilo ni haki yake. Jambo hili halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Kinahitajika kabati lenye kufuli, mahali pasipovuja, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.