Programu Mbili, Mashine Moja: Kwani Lazima Ufungue Mlango wa Nje?

Wasee wa kuandika programu, leo sizunguki. Kama programu zako mbili zinaishi kwenye kompyuta moja, acha kuziongelesha kupitia porti ya mtandao. Tumia soketi ya ndani.

Hili kosa nimelifanya mimi mwenyewe. Nilitengenezea duka moja programu ya mauzo na nyingine ya kuchapisha risiti, zote kwenye mashine ya kaunta. Ile ya risiti nikaiweka isikilize porti kwenye 0.0.0.0. Maana yake ni kwamba mteja yeyote aliye kwenye WiFi ya duka angeweza kutoa risiti feki kwa simu yake. Hakuna aliyejaribu, lakini hiyo ilikuwa bahati, si ujuzi wangu. Hata ningetumia 127.0.0.1, kila mtumiaji wa ile mashine bado angeweza kubisha.

Soketi ya ndani haina porti. Kwenye Linux anwani yake kwa kawaida ni faili, na faili ina mwenyewe na ruhusa zake. Si kitu kipya, BSD ilikuwa nayo tangu 1983. Kwa sisi wa Qt, kazi iko kwenye klasi mbili tu: QLocalServer inasikiliza, QLocalSocket inaunganisha. QLocalSocket inarithi QIODevice, kwa hivyo unaisoma na kuiandikia kama faili yoyote. Ukihamia Windows, klasi zilezile zinatumia mfumo wa huko, na msimbo wako unabaki karibu vilevile.

Sasa, urahisi huo ndio hutulaza. Klasi inaficha kazi, haifichi matatizo. Mimi yamenipata matatu.

Kwanza, stima ikipotea au programu ikianguka, faili ya soketi inaweza kubaki. Ukiwasha tena, listen() inakataa, inasema anwani inatumika. Dawa ni removeServer(), lakini jaribu kuunganisha kwanza. Ukijibiwa, jua seva iko hai, usiifutie faili.

Pili, readyRead haimaanishi ujumbe umefika wote. Baiti zinakuja kama maji ya mfereji. Risiti mbili zinaweza kushikana, au moja ikafika nusu. Tanguliza urefu wa kila ujumbe, kisha ngoja mpaka utimie.

Tatu, usiachie mfumo ukuamulie ruhusa. Weka UserAccessOption kabla ya kusikiliza, ili mtumiaji yuleyule tu ndiye aingie.

Najua kuna mtu atasema, "Na nikitaka kuhamisha programu moja kwa mashine nyingine?" Sawa, siku hiyo ikifika tumia TCP, na uilinde vizuri. Lakini usiache duka la mtu wazi leo kwa sababu ya safari ambayo hujapanga.

Kabla hujalala, andika ss -tln kwenye Linux yako. Kwa kila 0.0.0.0 utakayoiona, jiulize: huyu anangojea mgeni gani?